Matayarisho ya Kuzamia katika Ghuba ya Baridi

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, asubuhi ya siku ya pili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa Umoja wetu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya mipango na maendeleo, kwa kuwa mimi ni afisa mipango serikalini, huko Geita. Nilimjibu kwamba habari za mipango ya maendeleo mnazisikia kila siku, na kwamba wakati huu kichwa changu kimejaa mpango mmoja tu, ambao haumo katika bajeti ya Serikali. Ni mpango wa watu wanne, wote wa shule hii na wote wa mwaka mmoja, kwenda kuzamia baharini katika ghuba iitwayo False Bay, karibu na Cape Town, Afrika Kusini, mwezi Julai ujao. Katibu alinyamaza wiki nzima, halafu akajibu kwa maneno matatu: "Njoo ueleze hiyo."

Nasikia mnaguna. Basi kwanza nifafanue neno. Nikisema kuzamia sina maana ya vijana wanaojificha ndani ya meli waende Ulaya bila karatasi. Sisi pasipoti tunazo na nauli tunalipa wenyewe. Nasema kwenda chini ya maji ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni na kifaa cha kupumulia mdomoni, ukakaa huko nusu saa ukitazama yaliyomo, kisha ukarudi juu. Kwenda chini ni kazi rahisi, hata jiwe linaweza. Matayarisho yote nitakayoeleza ni ya kurudi.

Mtauliza, watu wa Shinyanga na bahari wapi na wapi? Ni kweli. Tuliosoma hapa tuliyajua maji ya aina mbili, ya ndoo na ya lambo. Ya ndoo tuliyabeba kichwani kila jioni. Ya lambo tulikatazwa, na aliyekamatwa akioga lambo alifyeka majani nyuma ya maabara mpaka akajuta. Wengi wetu tuliondoka hapa hatujui kuogelea hata hatua tatu. Mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa na miaka 30 kasoro mmoja, nikiwa na mtoto nyumbani, na mwalimu wangu alikuwa kijana wa miaka 16.

Lakini jambo hili lilianzia hapa hapa shuleni. Tulikuwa kidato cha pili. Jumanne ya tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ziwani ikikaribia kufika Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua watu 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. Mwalimu wa zamu alileta redio yake mstarini tukasikiliza tukiwa tumesimama, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Katika bweni letu alikuwemo kijana wa Muleba, na baba yake mdogo alikuwemo melini.

Meli ile haikwenda chini mara moja. Ilielea kifudifudi, na ndani yake walikuwamo watu hai. Ubavu ukatobolewa ili watolewe, na kwa tundu lile ikatoka hewa iliyokuwa inaishikilia meli isizame. Ikaenda chini mita kama 25. Siku chache baadaye mwalimu wetu wa fizikia alichora ubaoni gilasi iliyofunikwa ndani ya beseni, akatuonyesha hewa imekaa wapi na maji yamekaa wapi, na nini kinatokea ukitoboa kitako cha gilasi. Hakutaja meli. Kijana wa Muleba aliomba ruhusa akatoka nje, na mwalimu akaufuta mchoro polepole sana, kama mtu ambaye hajui afanye nini baada ya hapo.

Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa miili. Kijana yule alikuwa amekwenda Mwanza pamoja na baba yake, wakangoja. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma. Baba mdogo wake alipatikana, akatambuliwa kwa shati, akazikwa Muleba. Aliporudi shuleni alitueleza jambo moja tu, kwamba alimwona mzamiaji mmoja mzungu ametoka majini, akaketi peke yake ukingoni mwa boti, kichwa kati ya magoti, na hakuna aliyemsogelea.

Miaka ikapita. Kijana yule sasa ni mwalimu wa fizikia, tena mzuri, huko Mwanza. Mimi nilipita Mlimani, nikaajiriwa, nikahamishiwa Geita mwaka mmoja baada ya mkoa ule kuanzishwa, yaani 2013. Mwaka huo huo nilipata nafasi ya masomo mafupi Cape Town. Jumamosi moja nilipanda treni kwenda Simon's Town, mji mdogo ulio ukingoni mwa False Bay, nikaona meli za kivita zimefungwa gatini. Hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha jeshi la majini la Afrika Kusini. Nilimpigia simu mwenzangu nikamwambia nimesimama wapi. Akakaa kimya, kisha akasema, "Siku moja na mimi nataka niyaone maji ya kwao." Mpango wetu ulizaliwa hapo, ingawa umechukua zaidi ya miaka 10 kupata fedha na likizo.

Wengi hutuuliza kwa nini tusiende Mafia au Zanzibar, ambako maji ni ya vuguvugu, samaki ni wa rangi zote, na mtu anazamia na fulana. Tumekwenda. Wenzangu walijifunzia huko na vyeti walipatia huko. Lakini maji yale yanakubembeleza. Ziwa letu halibembelezi mtu: mkono wako ukiunyoosha mbele mara nyingi huoni vidole. Na ziwa bado linatudai. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mhandisi wa kivuko akiwa hai, amekaa penye hewa kidogo. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ilianguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wakafa 19, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sisi si waokoaji, wala hatujidai kuwa. Lakini tumeona ni vizuri kanda hii iwe na watu wachache, hata kama ni wanne wenye vitambi, waliozoea kufanya mambo yao kwa utaratibu ndani ya maji ya baridi yenye giza.

Sasa niwaeleze ghuba yenyewe. Jina lake maana yake ni Ghuba ya Uongo. Inasemekana mabaharia waliotoka mashariki waliifananisha rasi moja na nyingine, wakageuka mapema wakidhani wamefika ghuba ya Cape Town, kumbe sipo. Kazi ya kwanza ya mpango ilikuwa kuchagua mwezi. Wakati wa kiangazi cha kule, yaani Desemba na Januari, hupiga upepo wa kusi-mashariki unaoingia moja kwa moja ndani ya ghuba na kuyavuruga maji. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo mkubwa hutoka kaskazini-magharibi, na upande wa Simon's Town unakingwa na milima. Maji hutulia na kung'aa. Kwa hiyo anayetaka kuona kitu huenda wakati wa baridi, na baridi ni baridi kweli: maji ni nyuzi 12 hadi 15 hivi. Ndani yake kuna misitu ya mwani mrefu kuliko miembe yetu, umesimama wima kutoka mwambani hadi juu, na ukipita chini yake mwanga unashuka kama ule wa dirishani asubuhi. Filamu ya yule mtu na pweza, iliyopata tuzo kubwa Marekani mwaka 2021, ilipigwa katika ghuba hiyo. Yeye huzama bila mtungi na bila suti. Sisi tutavaa suti za mpira za unene wa milimita 7, na kofia, na glavu, na hatuoni haya.

Juu ya baridi hapana budi niseme ukweli wangu, maana ndiyo ulionifanya niwe mkali katika mpango huu. Maji humnyang'anya mtu joto kwa haraka kama mara 25 kuliko hewa. Isitoshe, suti inayokukinga imejaa vipovu vidogo vya hewa, na kadiri unavyoshuka maji yanavibana, suti inakuwa nyembamba pale pale unapoihitaji zaidi. Mwaka ule wa 2013, katika siku yangu ya nne ya mafunzo, nikiwa mita 12 chini, vidole vyangu vilikufa ganzi. Nilijaribu kubonyeza kitufe cha kuingiza hewa kwenye jaketi la kuelea, sikujua kama nimekibonyeza au la. Mwenzangu, mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa maktaba, aliniuliza kwa ishara kama niko salama. Nikamjibu kwa ishara kwamba niko salama. Akaniuliza tena. Nikajibu vile vile. Nilikuwa mgeni, nilikuwa mwanaume, nilikuwa Msukuma peke yangu katika ghuba nzima, na nilijiambia kwamba mtoto aliyechunga ng'ombe alfajiri ya Juni hawezi kushindwa na maji. Nilidanganya kwa vidole nisivyovihisi.

Mama yule hakubishana nami. Alinionyesha dole gumba juu. Kwetu dole gumba maana yake ni safi, mambo mazuri. Chini ya maji maana yake ni tunapanda. Ukionyeshwa dole gumba hujibu kwa swali, unalirudisha dole lile lile na kupanda. Yeyote anaweza kulionyesha, wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, hata mwanafunzi kwa mwalimu wake, na hakuna wa kumwuliza mpaka watu wamekauka. Tulipofika juu nilimwuliza amejuaje. Akasema, "Umeacha kutazama geji yako."

Geji hiyo inapima hewa iliyobaki mtungini, na hapo inakuja hesabu. Vijana wa kidato cha tatu, fuateni. Mtungi una ujazo wa lita 12, na hewa imeshindiliwa humo hadi baa 200. Na baa hii ni kipimo, siyo ile ya Kahama. Kwa hiyo mna lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na lile la angahewa nzima, hivyo kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu, na kila pumzi inakula hewa mara tatu: lita 60 kwa dakika. Gawanyeni, ni dakika 40. Lakini haturuhusiwi kuumaliza mtungi. Baa 50 ni za akiba, yaani lita 600, na haziguswi ila kwa kurudi. Zimebaki dakika 30. Sasa mtieni mtu huyo baridi na woga, pumzi yake ipande kutoka lita 20 hadi 30. Fanyeni hesabu upya: ni dakika 20. Ndiyo maana tumepanga tusizidi mita 15 wala dakika 25, hata tukikuta huko chini nyumba ya dhahabu.

Nimetaja dhahabu kwa makusudi, maana rafiki zangu wachimbaji wa Geita huniambia, "Afisa, sisi tunashuka mita 60 kwa kamba kila siku, hizo 15 zako ni za watoto." Nawajibu hivi. Ukishuka mita 100 katika duara, hewa inayokulemea huongezeka kama sehemu moja tu katika mia. Ukishuka mita 10 majini imeshazidi mara mbili. Hata hivyo duara lina hatari zake ambazo mzamiaji angezitambua. Mwenzetu wa tatu katika safari hii ni fundi mitambo, kazi yake imekuwa kwenye kompresa na pampu za migodini. Swali lake la kwanza kwa kila mwenye boti tuliyemwandikia lilikuwa: mtambo wenu wa kujazia mitungi unavuta hewa kutoka wapi? Bomba la kuvutia hewa likiwa karibu na moshi wa injini, moshi huo unaingia mtungini, na mtu anaupumua chini ya shinikizo bila kusikia harufu. Fundi huyu amewahi kusaidia kutoa maiti za vijana walioshusha pampu ya petroli ndani ya duara ili wakaushe maji, wakaiwasha, na wakashuka kuiangalia. Mmoja wa wenye boti hakupenda swali lile akaacha kujibu barua zetu. Tulimfuta katika orodha, ingawa bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini.

Nimewataja watatu. Wa nne ndiye aliyetutoa jasho, na yumo humu bwaloni, safu ya pili, mwenye kaunda suti. Nimepata ruhusa yake ya kusema, kwa sharti moja nitakalolitimiza mwishoni. Ni Kaka Mkuu wetu wa mwaka 1998. Wa rika letu mnajua maana yake. Akipiga kengele, kengele imepigwa. Leo ni mfanyabiashara wa mbao Kahama, na sehemu kubwa ya mbao zake ni matimba ya kuzuia kuta za maduara. Ndiye aliyetoa mchango mkubwa wa safari, na ndiye aliyetusukuma tulipolegea.

Mwezi Machi ilikuja fomu ya afya kwa barua pepe. Kila mmoja ajibu ndiyo au la: pumu, moyo, kifafa, upasuaji, masikio. Tukakubaliana fomu zote zipitie kwangu, kwa kuwa ndiye karani wa safari. Fomu ya Kaka Mkuu ilikuja siku ya pili, safi, ina la kuanzia juu hadi chini. Nikaitazama sana ile la ya masikio.

Ndugu zangu, mimi nililala kitanda cha chini na yeye cha juu kwa miaka miwili. Kila mvua zikianza sikio lake la kushoto lilitoa usaha, na muuguzi wa zahanati ya shule alimjazia pamba. Alikuwa anageuka upande mmoja tu ili asichafue mto. Baadaye lilikauka, likasahaulika, na huko Zanzibar alizamia kwa shida kidogo, akasema ni mafua. Lakini sikio lililokuwa vile linaweza kuwa limeacha tundu katika ngoma yake. Maji ya baridi yakipita kwenye tundu hilo yanaingia sikio la kati upande mmoja, ubongo unadanganyika, na mtu anaona dunia inazunguka. Hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Huanza kutapika ndani ya kifaa cha kupumulia. Katika maji ya vuguvugu anaweza kuponea chupuchupu. Katika nyuzi 13 sitaki kufikiri.

Mnajua sheria ya bweni. Unaweza kuiba michembe ya mwenzako, ukasamehewa. Unaweza kuchelewa namba. Lakini kuchongea hakusameheki. Nilikaa na fomu ile siku nne. Nilijiambia ni mtu mzima, sikio ni lake, cheti anacho. Nilijiambia labda limepona. Nilifikiri juu ya mchango wake, nakiri, na kwamba akijitoa safari inaweza kufa. Siku ya nne usiku nikamkumbuka mama yule wa maktaba. Asubuhi nikampigia simu.

Hakunijibu kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Alisema, "Kumbe bado unalala kitanda cha chini unanichunguza." Kisha akakata. Hakuzungumza nami mwezi mzima na siku kadhaa. Wenzetu wawili walikuja nyumbani kwangu Geita kunisuluhisha. Mwalimu aliniunga mkono. Fundi alisema nimefanya vibaya kumwambia kwa simu, ningekwenda Kahama nikakaa naye chini, na katika hilo fundi alikuwa na haki. Nilikwenda. Nilimkuta uwanjani kwake anapanga matimba. Alikuwa akiyagonga moja moja kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Linalolia vibaya analitupa pembeni, kwenye kuni. Nikaketi juu ya gogo nikamtazama. Aligonga kama dakika 20 bila kunitazama. Halafu akalishika moja lililokuwa zuri kabisa machoni pangu, akaligonga, akalitupa kwenye kuni, akasema, "Huyu mwenye duara alinipigia jana, anasema nimpelekee yote, ufa mdogo hauna neno." Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza.

Wiki ile ile alikwenda kwa daktari wa masikio Mwanza. Ngoma ya sikio la kushoto ina tundu. Daktari alimkataza kuzamia kabisa, na akamshangaa kwa Zanzibar.

Basi mpango umebadilika. Watazamia watatu, na Kaka Mkuu atakaa kwenye boti na daftari. Msidhani tumempa kazi ya kumfariji. Ataandika jina la kila anayeshuka, saa aliyoshuka, hewa aliyoshuka nayo, na saa tuliyokubaliana awe juu. Ikipita saa hiyo kwa dakika tano, hapigi simu kuuliza, anamwambia nahodha aanze kutafuta. Yeye pia ndiye mwenye neno la mwisho juu ya upepo: ukigeuka kusi-mashariki asubuhi hiyo, hakuna anayeshuka, na fedha ya boti tumekwisha kukubaliana kwamba imekwenda. Amelipigia mistari daftari lenyewe kwa rula, daftari la shule la kurasa 96, kwa mwandiko ule ule aliotuandikia zamu za kuchota maji.

Jambo la mwisho la mpango ni ndege, ambalo watu husahau. Chini ya maji mwili hufyonza naitrojeni, na ukipunguza shinikizo ghafla hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa baada ya kutikiswa. Kwa hiyo hupandi juu mbio, na baada ya siku kadhaa za kuzamia hupandi ndege mpaka zipite saa 18. Tutazamia mara ya mwisho Ijumaa asubuhi, na kuondoka Jumamosi jioni. Hesabu hii itatuhusu zaidi siku tukizamia nyumbani, maana Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na majedwali ya muda yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayatumiki vile vile. Mwalimu wetu ameanza kuyafanyia kazi. Ana mabango mawili ya hesabu ukutani na mke wake amechoka nayo.

Nizungumze sasa na vijana wa nyuma, kisha nikae. Mkuu wa Shule ameniambia kwamba kila likizo baadhi yenu mnakwenda maduarani, Nyarugusu na kwingineko, kutafuta ada na viatu. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, nami kama mtumishi wa Serikali siwezi kusema vinginevyo. Lakini najua kuna watakaokwenda. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa Nyarugusu, na wote walitolewa hai baada ya siku kadhaa. Juu ya ardhi palikuwa na watu waliojua kwamba wamo, na wamo wangapi. Nimehudhuria misiba mingine ambako siku ya tatu bado watu wanabishana kama aliyeko chini ni mmoja au ni watatu, kwa sababu mvulana alishuka usiku bila kumwambia mtu, au alimwambia mtu ambaye naye alishuka. Kaka Mkuu ameleta madaftari 10 ya kurasa 96, yamekwisha kupigwa mistari. Yako mezani pale kwa Mwalimu wa Taaluma. Hatawaandika majina wala hatawauliza mnayapeleka wapi.

Limebaki sharti. Niliahidi kutangaza mbele ya mkutano huu kwamba mwaka 1997, michembe ya Kaka Mkuu iliyopotea ndani ya tranka, ambayo bweni zima liliadhibiwa kwa ajili yake, niliila mimi. Ilikuwa na karanga.